Trekta inamisi? Tatizo nililishika mkononi mara nne, sikulijua

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, trekta yangu ya kukatia majani inapanda na kushuka yenyewe. Nimesafisha kabureta mara mbili, bado. Nitafute injini nyingine?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Miezi mitano nyuma mtu huyo nilikuwa mimi, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na wa kumwandikia. Nilikuwa na shemeji tu.

Yangu ni kongwe hasa: silinda moja, nguvu ya farasi 10, valvu zimekaa ubavuni, bado inatumia platini, zile ncha mbili zinazokata na kuunga umeme wa cheche. Kama umefika hapa kusoma, najua nawe ni mwenzetu. Hukuchukua chuma cha zamani kwa kukosa akili, ulitaka siku moja ukiwashe mwenyewe kingurume, na wenye maneno wasikie.

Basi ya kwangu ilikuwa inawaka bila shida. Ikishapata moto, sauti inapanda vuuu, inashuka mpaka karibu izime, inapanda tena, kama kuna mtoto anachezea waya wa mafuta. Hakuna aliyegusa kitu. Nikivuta choki nusu, ile inayobana hewa ya kabureta, inatulia. Nikirudisha, mchezo unaanza upya. Shikilia hapo kwenye choki.

Shemeji akapita siku moja, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. "Shemeji, hiyo imekwisha. Wape watoto waichezee." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ungefanyaje? Usiku ule usingizi haukuja.

Kupanda na kushuka kule siyo wazimu wa injini. Ni gavana, kidhibiti mwendo cha injini, anafanya kazi yake. Injini ikipata hewa iliyozidi kipimo cha petroli yake inaishiwa nguvu na mwendo unashuka. Gavana anaona mwendo umeshuka, anafungua kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachoruhusu hewa na petroli kuingia kwenye injini. Mwendo unapita kiasi, anafunga. Unashuka, anafungua. Mimi niliposikia mlio ule nikamlaumu gavana, nikachezea springi yake jioni nzima, nikaondoka nimeharibu hata kile kilichokuwa sawa. Kama springi ya gavana wako haijaguswa na mtu, nawe usiiguse.

Kisha nikaingia kwenye kabureta. Petroli iliyokaa miezi inaacha utando kama gundi, na tundu la jeti, linalopitisha petroli, ni dogo kiasi kwamba ukilielekeza kwenye mwanga unaona kinukta tu. Nilimwaga mafuta ya zamani yote, nikazibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa ndani ya waya wa umeme (sindano ya chuma inapanua tundu, usijaribu), nikapuliza, nikafunga. Ikawaka. Vuuu, ikashuka, vuuu. Nikafungua mara ya pili. Ya tatu nikaloweka usiku kucha.

Hapo katikati nikahamia kwenye umeme. Plagi mpya, uwazi 0.9 mm kama kitabu chake kinavyosema. Platini nikazipiga msasa na kuziweka 0.5 mm. Kondensa mpya. Koili mpya, ambayo mpaka leo naamini haikuhitajika, ile ya zamani nimeitunza kwenye droo kama ushahidi dhidi yangu. Fundi mmoja niliyemwita akasikiliza nusu dakika, akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe yote. Kwa ringi zilizokwisha ningetegemea moshi wa bluu, maana oili inapanda na kuungua. Yangu ilikuwa haitoi moshi kabisa. Nililijua hilo, na bado nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu yeye alikuwa na ovaroli na mimi nilikuwa na kandambili. Bado linaniuma.

Miezi miwili iliyofuata naiacha, trekta ilikuwa chini ya turubai na mimi nilikuwa na mambo mengine.

Nilirudi kwake jioni moja sina mpango wowote. Nikatoa plagi, nikaitazama vizuri safari hii. Ncha yake ilikuwa nyeupe, kama imepakwa majivu. Plagi ya injini inayokula vizuri ina rangi ya kahawia ya udongo, inayozidiwa mafuta inakuwa nyeusi ya masizi. Nyeupe maana yake hewa imezidi. Choki nayo ilikuwa imeniambia hilohilo tangu siku ya kwanza: nikiinyima hewa, inatulia! Hewa ikizidi kuna njia mbili. Ama petroli haifiki ya kutosha, ama hewa inapenya mahali isipotakiwa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania njia ya kwanza miezi yote ile kwa sababu nilijua kuzibua jeti, na mtu hupenda kutafuta tatizo pale ambapo ujuzi wake unafika.

Nikafungua kabureta mara ya nne, nikaweka gasketi mpya, nikaiwasha, ikaanza nyimbo zake. Nikachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta na mrija wake mwembamba, nikapuliza kidogo kwenye ungio la kabureta na injini. Hakuna mabadiliko. Nikapuliza pembeni, pale shafti ya kipepeo inapoingia kwenye mwili wa kabureta. Injini ikatulia. Sekunde mbili, tatu, sauti moja safi, kisha ikaanza tena kupanda na kushuka. Nikapuliza tena, ikatulia tena. (Dawa ile inashika moto vibaya sana. Kaa mbali na ekzosi, puliza kidogo kidogo. Nyusi zangu zilipona kwa bahati.)

Nikazima. Nikashika mkono wa shafti kwa vidole viwili, nikautikisa juu chini. Tiki, tiki, tiki. Unacheza! Tundu lilikuwa limelika likawa la umbo la yai, na hewa inapita humo bila hodi. Kabureta ile nilikuwa nimeishika mkononi mara nne, nimeisugua, nimeiloweka, na shafti ilikuwa inacheza vidoleni mwangu muda wote.

Fundi wa kereza alipanua tundu, akaweka bushi mbili za shaba, shafti ikakaa inavyotakiwa. Ukirudisha kipepeo, zile skrubu zake mbili ndogo zikaze na uzitie gundi ya skrubu, maana ikichomoka moja inamezwa moja kwa moja na injini.

Sasa ndugu yangu uliyeniandikia. Usinunue injini. Acheni jamani kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, mnatajirisha wauza koili! Mwaga petroli ya zamani, weka mpya. Toa plagi uitazame rangi kabla hujaitupa. Jaribu choki: ikitulia kwa choki, hewa imezidi, na ukishasafisha jeti mara moja kwa uaminifu, usirudi tena huko, tafuta inapoingilia. Gasketi, kisha shafti. Badilisha kitu kimoja, washa, sikiliza, ndipo uguse kingine. Mimi niliwahi kubadilisha vitatu siku moja na sikujua kipi kimefanya nini. Na kama yako inakwenda vizuri robo saa halafu inazima, legeza kwanza kifuniko cha tenki. Kikiziba kitundu chake cha hewa, petroli inagoma kushuka. Lakini choki, ndugu yangu, anza na choki.

Jumapili shemeji alikuja. Nilikuwa nimeiwasha makusudi, iko sailensa, inapiga taratibu tu, glasi ya maji juu ya boneti. Alisimama mikono nyuma, akasikiliza, akazunguka upande wa pili.

"Umeweka injini nyingine, shemeji?"

Nikamkaribisha kiti.