Stiki ya kuchongesha ya bei nafuu: anza na kiungio

Ndugu, umeuliza utajuaje kama stiki ya pool uliyochongewa kwa bei nafuu ni imara. Nakshi zisikuzuzue. Itenganishe kwenye kiungio, yaani pale vipande vyake vinapoungana, ubingirishe kila kipande mezani, kisha uiunge na kuibingirisha tena. Vipande vikienda sawa kimoja kimoja lakini vikiungwa ncha inarukaruka, ubovu uko kwenye kiungio, na dawa yake ni mashine ya kukereza, si msasa. Pitisha ukucha hapo vinapokutana. Ukikwama au mwanga ukipenya, mrudishie fundi. Gonga kitako cha stiki sakafuni polepole: ukisikia mlio wa kuchakacha, kuna kitu kimelegea ndani. Nyuzi za mbao ya mbele zinyooke hadi nchani. Kingozi cha nchani kikiwa kibovu, usihangaike, hicho hubadilishwa tu.