Kabla Hujaiga Bandari ya Kigoma Kwenye Kompyuta

Mdogo wangu unayeanza kazi hii ya kuiga bandari kwenye kompyuta, siku za mwanzo acha kompyuta, nenda gatini na saa na daftari. Hapa Kigoma kontena huja kwa reli kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora, kisha husubiri chombo cha kwenda Bujumbura au Kalemie. Mzigo wa treni hauji mmojammoja kama malori getini. Unakuja kwa mkupuo.

Piga hesabu ndogo. Treni imeleta makontena 20, kreni inashusha moja kwa dakika 6. Kwa siku nzima kreni imefanya kazi saa 2 tu, na wakubwa watasema haina shida. Lakini kontena la mwisho limekaa juu ya behewa dakika 114 bila kuguswa. Ukiiambia modeli, yaani bandari ya kuiga iliyo kwenye kompyuta, "makontena 20 kwa siku" na kuyatawanya sawasawa asubuhi hadi jioni, foleni hiyo huioni kabisa. Kwa hiyo andika saa ya kila tukio: treni kuingia, kontena la kwanza kushuka, la mwisho kushuka, kreni kusimama na sababu yake. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa. Takwimu za miezi hiyo usizichanganye na za masika.

Programu isikuumize kichwa. SimPy, programu ya kuiga matukio, ni ya bure na hutumika ndani ya lugha ya kompyuta ya Python, inatosha.

Modeli ikikamilika, iambie kwanza irudie mwezi uliopita. Kuna kipimo chepesi alichokithibitisha John Little, mtafiti wa foleni, mwaka 1961: yakiingia makontena 20 kwa siku na kila moja likakaa siku 9, yadini, uwanja yanapopangwa, utakuta 180 kwa wastani. Modeli ikikupa 90, kuna kitu umekiruka. Halafu mwite opereta wa kreni aitazame. Yeye ndiye atakayekuuliza, "Sasa la chini tunalitoaje bila kuhamisha mawili ya juu?" Kuhamisha huko hakumo kwenye ripoti yoyote, ila kunakula muda kuliko unavyodhani.

Hapo ndipo ujaribu mabadiliko, na uanze na ya bei nafuu. Kupanga yadi kwa kufuata chombo kitakachobeba mzigo ni rahisi kuliko kununua kreni ya pili. Kila jaribio lirudie mara nyingi kwa namba nasibu tofauti, yaani namba ambazo kompyuta huzichagua kwa kubahatisha, maana jibu la mara moja ni bahati tu. Usiripoti kwamba mzigo utasubiri saa 3. Sema kati ya saa 2 na 5. Bosi atanuna kidogo, kisha atataka kujua siku ya saa 5 ilikuwaje.