Banda la karakana kwa vifaa vya mtumba, Mwanza: bati ndilo linalopanga kipimo

Mkuu, swali lako ni hili: una eneo nyuma ya nyumba huko Igogo, mlimani, mawe yamejaa. Unataka banda la useremala na kuchomelea vitu vidogo, mita 3 kwa 4, na unauliza ununue bati ngapi na mbao ngapi za mtumba. Nakuomba ubadilishe kipimo kabla hujanunua hata msumari mmoja. Ukijenga kwa vitu vipya unachora kwanza halafu unakwenda dukani. Kwa mtumba unakusanya kwanza, unapima ulichopata, ndipo unachora.

Chukua bati. La migongo la futi 10 lina mita 3 hivi. Banda lenye kina cha mita 3, yaani toka mbele hadi nyuma, ukiweka mwinamo unaofaa na kipenu mbele na nyuma, linataka bati la mita 3.6. Hapo utaunga bati juu ya bati, na kiungio cha mabati makuukuu ndiko maji yanakoanzia kuingia. Punguza kina kiwe mita 2.4. Nguzo za mbele zitoke juu mita 2.6, za nyuma mita 2.1. Mwinamo utakuwa na urefu wa mita 2.45, zinabaki sentimita 55 za kipenu: 35 upande wa chini maji yanakodondokea, 20 upande wa juu. Bati moja linashuka toka juu hadi chini bila kiungio. Kwa upana, bati la sentimita 90 likilaliana na mwenzake kwa sentimita 20, yaani zaidi ya migongo miwili, bati 6 zinafunika mita 4.4. Ukuta wako wa mita 4 unatosha, na sentimita 20 za kipenu kila upande. Nunua 8, kwa sababu mbili zitakuvunja moyo ukishazifikisha nyumbani.

Kuchagua: inua bati juani, ingia chini yake uangalie vitundu. Kutu ya rangi tu inakwanguliwa na kupakwa rangi. Kutu inayotoka magamba ukikwaruza kwa kucha, liache. Geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda bati ni jembamba: geji 28 iliyotumika ni bora kuliko geji 32 mpya kwa kazi hii, na 32 iliyotumika usiinunue kabisa, inapasuka kwenye tundu la msumari upepo ukivuma. Halafu angalia matundu ya zamani yalipigwa wapi. Yakiwa juu ya mgongo, vizuri. Yakiwa bondeni, mahali maji yanapopita, ligeuze bati chini juu: bonde linakuwa mgongo. Ila jaribu kwanza kuyalaza chini mawili mawili uone kingo zinakaana, maana bati lililogeuzwa halikubali kila jirani. Tundu lililobaki liko wazi linazibwa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa lami, chini na juu. Misumari ya bati iwe mipya, na chini ya kofia ya kila msumari weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ukubwa wa sarafu. Papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, ziwe tano, sentimita 60 kati ya moja na nyingine. Kwa bati jipya ungeweka chache zaidi, lakini kuukuu linataka kushikiliwa.

Ukiuziwa bati zito la kijivu linalovunjika kama kigae, la majengo ya zamani, hiyo huenda ni asbesto. Usilikate, usilitoboe, usilipokee hata la bure. Vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Sasa mlima. Watu wengi hupenda kuegemeza banda kwenye jiwe kubwa ili waokoe ukuta mmoja. Usifanye hivyo. Mvua ikinyesha, jiwe zima linageuka kuwa paa linalomwaga maji kwenye banda lako, na mbao za upande huo zinaoza kabla ya nyingine. Acha nafasi ya mtu kupita, angalau sentimita 60. Vilevile usijenge kwenye kijia kati ya mawe mawili hata kama pamekauka na pana udongo laini. Udongo huo uliletwa na maji. Chimba mtaro upande wa juu wa banda, upana wa jembe, uyapeleke maji pembeni bila kumwelekezea jirani wa chini. Na kwa mwingine anayesoma akiwa na eneo ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa ziwa, na waliojenga karibu waliona maji yalivyopanda 2020 na tena 2024.

Nguzo ni sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila mita 2. Mirunda iliyonyooka inatosha, lakini isigusane na udongo kwa sababu ya mchwa. Penye udongo, chimba sentimita 60, mwaga zege la ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, lipandishe sentimita 15 juu ya ardhi, na ulipe mteremko juu maji yasikae. Chomeka humo vipande viwili vya fletibaa, yaani chuma bapa, vikitazamana, nguzo isimame katikati na ikazwe kwa bolti mbili za milimita 12. Ukikuta mwamba kabla ya kufika kina hicho, na kwa Igogo utaukuta, usihangaike kuupasua. Toboa tundu la milimita 16 lenye kina cha sentimita 15, pulizia vumbi lote litoke, lowesha, jaza uji mzito wa saruji na udidimize nondo ya milimita 12. Vumbi likibaki, saruji inashika vumbi badala ya jiwe na nondo inachomoka kwa mkono. Siku ya saba chomelea fletibaa kwenye nondo hiyo.

Nasisitiza kufunga kwa sababu ya upepo. Dhoruba za ziwani huja ghafla, na banda dogo huwa halianguki bali hunyanyuliwa. Misumari peke yake kati ya nguzo na boriti inayolala juu yake haitoshi. Tafuta mikanda ya chuma inayofungia marobota, zungusha juu ya boriti, shusha pande zote mbili za nguzo, piga misumari minne kila upande. Fanya hivyo pia kila kenchi, yaani mbao inayobeba papi, inapokaa juu ya boriti. Kenchi ni tano za inchi 2 kwa 4, kila mita moja. Kisha weka mbao za mshazari kwenye kona zote nne, toka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine. Bila hizo banda litayumba na matundu ya misumari yatapanuka.

Mbao zilizotoka kwenye kumwaga zege ni rahisi kupata, lakini zina saruji inayomaliza meno ya msumeno. Zikwangue kwa patasi kuukuu. Pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kila ubao, itakuonyesha misumari iliyojificha. Gonga kwa nyundo: ubao mzima unalia, uliobunguliwa unatoa sauti ya boksi. Mbao za mitumbwi iliyochoka ni nzuri mno kwa meza ya kazi, inchi 2 na ngumu, ila toa kalafati yote iliyozibia nyufa na uzipange kivulini zikiwa na vijiti katikati kwa miezi miwili. Ukizipiga misumari zikiwa na maji zitajikunja. Kimo cha meza kiwe usawa wa kifundo cha mkono ukisimama, sentimita 85 hadi 90.

Kuta haziumizi kichwa. Mabanzi yanafaa, na pipa la lita 200 likinyooshwa linatoa bati la mita 1.8 kwa sentimita 88. Ila pipa lililobeba petroli, dizeli au kemikali usilipige grainda wala moto: mvuke uliobaki hulipuka. Chukua la mafuta ya kula, ulikate kwa tindo. Acha uwazi wa sentimita 25 chini ya paa upande wa mbele, uzibe kwa wavu wa mbu wa chuma. Ni kwa ajili ya hewa, na kwa wale vidudu vya ziwani wanaofuata taa usiku na kuganda kwenye vanishi mbichi. Mlango na dirisha vitafute kabla ya kujenga ukuta, uache tundu kwa kipimo chake.

Sakafu ya sentimita 7.5 inataka mifuko 5 hivi ya saruji kwa mchanganyiko ule ule. Inaweza kusubiri, moramu iliyoshindiliwa inatosha kuanzia.

Vitu vitatu usinunue mtumba: waya wa umeme, sakiti breka na diski za grainda. Diski ina tarehe ya mwisho kwenye pete ya chuma katikati, isome. Umeme uingizwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwambie mapema kuhusu mwamba, kwa sababu fimbo ya ardhi inahitaji udongo wenye unyevu na huenda ikakaa mbali na banda. Kipande cha reli ni fuawe nzuri, lakini ni mali ya shirika la reli na ukikutwa nacho utaeleza kituoni. Tumia kipande cha ekseli ya lori.

Mvua ya kwanza ikinyesha, ingia ndani na chaki. Zungushia alama kwenye bati kila tone linapotokea, siyo pale linapodondokea, maana maji hutembea kwenye papi kabla ya kuanguka. Bati likikauka, pima alama hizo toka ukingoni, panda juu ya paa na lami.