Vijiko vya mti, vya miti au vya mbao?

SWALI: Ninakusanya vyombo vya jikoni vilivyotengenezwa kwa mkono na mafundi wa karakana ndogo: vijiko, miiko, pawa na mabakuli. Kwenye kadi ya maelezo nimeandika "Vijiko vya miti vilivyochongwa na maseremala". Rafiki yangu anasema ingefaa "vya mbao". Yupi yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako hajakosea, ila mimi ningeandika "vijiko vya mti". Malighafi huitaja kwa umoja: pete za dhahabu, vyungu vya udongo. Hata vijiko vikifika mia, vitabaki vya mti. "Miti" itakufaa tu ukitaka kusema kwamba vimetokana na miti mbalimbali. Na ukiujua mti wenyewe, utaje: mwiko wa mzeituni, kijiko cha mkangazi. Msomaji atakushukuru zaidi.

"Mbao" ni wingi wa "ubao", yaani kipande kilichopasuliwa kwa msumeno. Siku hizi wengi hulitumia kwa kitu chochote cha mti, na matumizi hayo yamekwisha kukubalika. Lakini mchonga vijiko mara nyingi huanza na tawi au gogo bichi, akalipasua kwa shoka kwa kufuata nyuzi zake, kisha akamalizia kwa kisu. Ubao haukuwapo tangu mwanzo. Kwa mkusanyaji, hilo ni sehemu ya thamani ya chombo.

Neno "seremala" ndilo ningelibadilisha kwanza. Seremala huunganisha mbao akapata meza, mlango, kabati. Aliyetengeneza kijiko chako ni mchongaji. Bakuli la mviringo nalo, lile lililozungushwa kwenye mashine huku patasi ikilikata, halikuchongwa. Limekerezwa, na fundi wake ni mkerezaji. Inanisikitisha kuona kitenzi "kukereza" kikisahaulika, maana kwa neno moja kinaeleza kazi yote ilivyofanyika. Tafadhali kitumie kwenye kadi zako.

Mwiko una kichwa bapa, wa kukorogea na kugeuzia. Upawa una kina, wa kuchotea. Husemwa upawa huu, pawa hizi. Jihadhari pia na kichwa kama "Miiko ya jikoni", kwani kinaweza kusomeka kuwa ni makatazo. Andika "Miiko ya kupikia".