Egnogi: ya dukani, ya jirani, na ninavyoipika mwenyewe

Mkuu uliyeuliza kama egnogi, kile kinywaji cha maziwa, mayai na sukari, uliyopewa kazini ina mayai mabichi, na kama watoto wanaweza kuinywa: niko Minnesota, Marekani, na Desemba ikifika lazima niipike, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Zile paketi zinazojaa kwenye friji za madukani kabla ya Krismasi hupashwa moto kiwandani kuua vijidudu, na nyingi hazina kilevi. Soma lebo tu. Ila kanuni za Marekani zinataka mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 6, na kiini cha yai, ukitoa maji yake, asilimia 1 basi. Ndiyo maana nyingi unaonja sukari kuliko yai.

Ya nyumbani kwa mtu, uliza. Wengine bado hupiga mayai mabichi wakamimina ramu au wiski wakiamini pombe itamaliza salmonela, vijidudu vya mayai mabichi vinavyoharisha. Usitegemee hilo kabisa, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee.

Dawa yake ni kuipika. Pasha lita 1 ya maziwa na kikombe 1 cha krimu na chumvi kidogo sana, mpaka yatoe mvuke, yasichemke. Pembeni piga viini 6 na nusu kikombe cha sukari mpaka rangi ipauke. Sasa tuliza mkono: chota upawa wa maziwa ya moto, mimina kwenye viini kidogo kidogo huku unapiga, kisha upawa mwingine. Ukivitupa viini moja kwa moja kwenye sufuria, utapata mayai ya kuvuruga yanaelea kwenye maziwa. Rudisha vyote jikoni, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka joto lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Nunua kipimajoto, si ghali. Utaona pia mwiko umevikwa utando mzito. Pitisha kidole mgongoni mwake, na mstari ukibaki wazi bila kujifunga, ipua haraka.

Chuja, weka kwenye friji ilale. Asubuhi ikiwa nzito mno, ongeza maziwa. Imalizeni ndani ya siku 2 au 3.

Kungumanga ndiyo roho ya kinywaji hiki, na hapo sikubali mjadala. Tafuta nzima, uikwangue juu ya kikombe wakati wa kunywa. Ya unga iliyokaa kabatini haina harufu tena. Mimi nikisikia mtu anakuja kutoka Unguja, namwagiza kungumanga kabla ya kitu kingine chochote.

Na kama nyumbani kwako kuna asiyetaka mayai kabisa, wapikie coquito ya Puerto Rico: tui la nazi, maziwa mazito ya kopo, mdalasini na kungumanga. Wenyewe huweka ramu, lakini bila ramu inanyweka vizuri sana, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa tui.