Maswali yenu ya raba za kikapu: soli, sponji na bei

Swali (Mbagala, Dar): Shikamoo anko. Nacheza pointi gadi kiwanja cha sementi hapa kitaa. Nilizama soko la mtumba la Karume nikakutana na raba flani za kikapu, toleo la kitambo ila zilikuwa kama mpya, soli haijalika hata kidogo, jamaa akaanzia tisini nikamshusha mpaka sitini. Wiki ya kwanza tu nimeruka kugombea ribaundi, natua hivi, soli imekatika vipande na sponji inamwagika kama chokaa. Nimepigwa feki au?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Sidhani kama ni feki, tena kwa maelezo yako inaweza kuwa orijino kabisa, shida ni umri. Raba nyingi za kikapu za zamani, hasa miaka ya 80 mwishoni na 90, pamoja na matoleo ya kuzirudia hizo, sponji yake ya kati ni poliyurethani, aina ya plastiki ya povu. Ile kitu inakula unyevu wa hewani taratibu mpaka inavunjika kutoka ndani, na haijalishi kama imevaliwa au imelala boksini. Sasa kaa nayo hapa Dar, joto na unyevu mwaka mzima, unategemea nini. Ndo maana mimi nikiona mtumba wa kikapu wa miaka mingi halafu soli haijaguswa, sifurahi, naogopa.

Siku nyingine kabla hujatoa hela fungua kamba, angalia ile leboli ndogo ya saizi ndani ya kiatu, nyingi zimeandikwa tarehe ya kutengenezwa kwa herufi za kuchungulia. Ikipita miaka kumi na sponji ni hiyo, sahau. Halafu weka kucha kwenye sponji ubonyeze, nzima inarudi, iliyokufa inabaki na alama au rangi inapasuka mistari mistari. Kunja mbele pale vidole vinapokunjika, usikilize. Ikilia krr krr mrudishie mwenyewe kwa heshima. Kuna sponji ya aina nyingine inaitwa EVA, hiyo haivunjiki namna hiyo, yenyewe inalala tu, unashangaa goti linauma na kiatu bado kinang'aa.

Fundi asikudanganye kwamba gundi itatibu, unga haugandishwi. Anachoweza ni kung'oa soli yote akapachika ya kiatu kingine, na hapo utapata raba ya kutokea mtaani, ya kurukia hapana.

Na kwa kuwa wewe ni wa sementi nikuongezee moja. Geuza kiatu. Soli laini, hasa zile unazoona mpaka ndani, kwenye viwanja vya ndani vya mbao zinang'ata vizuri lakini sementi inazipiga msasa, na vumbi likiingia unateleza kama kawa. Tafuta mpira mgumu, mistari ya zigizaga iliyochimbwa ndani sana. Nike wanaandika XDR chini ya baadhi ya soli zao, maana yake mpira huo umetengenezwa uhimili viwanja vya nje. Ukiona hizo herufi mtumbani, hapo ndo uanze kubishana bei.

Swali (Mombasa): Kaka, mimi naamini raba ya kikapu lazima ipande juu ya enka, vijana wa siku hizi wanavaa fupi kama za kukimbilia. Si wataumia?

Jibu: Hiyo imani wengi tumekua nayo, lakini Kobe Bryant, aliyekuwa nyota wa timu ya Lakers ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alishaibishia zamani. Kwa Kobe 4, raba yenye jina lake iliyotoka msimu wa 2008/09, alimwambia mbunifu wa Nike, Eric Avar, amtengenezee fupi, hoja yake ni wachezaji wa soka, wanakata kona kali siku nzima na njumu zao ziko chini ya enka. Msimu huohuo Lakers wakabeba kombe. Kitambaa cha juu ya enka hakina nguvu ya kuzuia mwili mzima ukiangukia upande. Kinachosaidia zaidi ni kitako kipana cha soli na kisigino kilichokushika kisicheze. Kama enka yako ilishateguka, funga bandeji au vaa kishikio halafu vaa fupi yako uendelee na maisha.

Swali (Morogoro): Mwanangu yuko kidato cha pili, ameingia timu ya shule, anataka raba za LeBron James, yule staa wa kikapu, dukani nimeambiwa laki sita. Kweli zina thamani hiyo au ni jina?

Jibu: Dada, jina lipo ndani ya hiyo bei, tusidanganyane. Mwaka 2006 Stephon Marbury, wakati huo akicheza NBA, alitoa raba yake Starbury One kwa dola 14.98 na akaivaa mwenyewe kwenye mechi za ligi, wakati za mastaa wenzake zilikuwa zinapita dola 100. Msimu wa 2023/24, LeBron 21 ilikuwa dola 200, na ya kwanza ya Anthony Edwards, staa mwingine wa NBA, kutoka Adidas, AE 1, ikatoka kwa 120, ina ile ganda la plastiki lenye matundu linalokumbatia mguu pembeni, kwa muonekano mimi naipa ushindi hapohapo. Za bei juu mara nyingi zinaongeza mto wa hewa mkubwa na kitambaa kizuri, mtu mzito anayeruka sana ataujua utofauti, mtoto mwembamba ambaye mguu bado unakua atakuomba nyingine kabla hajaumaliza huo mto.

Nenda naye jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na soksi zake za kuchezea. Toa soli ya ndani uiweke chini, asimame juu yake. Kidole kidogo kikimwagika nje, hiyo ni nyembamba kwake, hata kama saizi inasoma sawa. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Halafu afunge kamba akimbie pale dukani, asimame ghafla, ageuke. Muuzaji akikataza hilo, mtafute mwingine, na huyo mwingine muulize kama ana za laki na nusu.