Jibu: Kupeleka mchezo Siyu, hakuna ukumbi wala stima

Salaam ndugu. Kwa nilivoelewa mna mchezo wa saa nzima, waigizaji wa kulipwa toka Mombasa, mwataka kuupeleka Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate huko Lamu, na mmekwama kwa ukumbi na stima (umeme).

Kabla ya yote cheki maji. Mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na ule wa kuingilia Siyu kati ya mikoko, maji yakipwa boti haipiti, kwa hivyo ratiba mpangieni pamoja na nahodha, na msitarajie kurudi Lamu usiku uo huo, tafuteni malazi mapema.

Ukumbi msijisumbue nao. Mbele ya ngome ya kale ya Siyu panatosha, ila ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa basi pitieni ofisi yao Lamu, halafu chifu, imamu na wazee, na nendeni wenyewe, simu haitoshi.

Anzeni baada ya Isha. Waigizaji wape mgongo ukuta sauti isichukuliwe na upepo, jenereta ifichwe nyuma ya nyumba kwa waya mrefu, maana ikiwa karibu watu watasikia ngurumo tu. Tandikeni majamvi, watoto mbele, kina mama wapate upande wao wenye mwanga, la sivyo watasimama mbali gizani na hao ndio watazamaji wenyewe, wanajibizana na waigizaji mpaka raha! Mbao za jukwaa acheni, mie hubeba taa na leso za kutungika tu.

Bei ya boti patana kwenda na kurudi. Na kusi likikaza ahirisheni, vifaa vitarowa hata mkivifunika turubai.